Gia Boksi Baada ya Kuosha Injini: Maji Yana Hatia Gani?

"Bosi, na injini tuipige?" Kijana mwenye bomba la presha mkononi huuliza hivyo kwenye sehemu za kuoshea magari za Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbagala, na wenye magari wengi huitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa nyongeza ya bei ni ndogo na injini inayong'aa inapendeza. Halafu gari linawashwa. Ukiweka D linachelewa kuondoka, au linaondoka kwa kishindo. Barabarani injini inanguruma na mshale wa mizunguko unapanda, lakini gia haibadiliki, na kwenye dashibodi taa ya O/D OFF inapepesa. Jumatatu gari liko gereji na hukumu imeshatoka: gia boksi imekufa, tafuta nyingine.

Hukumu hiyo huwa ya mapema mno. Maji yanayorushwa chini ya boneti yana njia nyingi za kufikia umeme unaoiongoza gia boksi, na njia chache sana za kuingia ndani ya gia boksi yenyewe. Ndiyo maana, katika kesi nyingi za namna hii, vyuma, klachi na mafuta vilivyomo ndani ni vizima kama vilivyokuwa asubuhi. Kilichoharibika ni taarifa. Na tofauti hiyo inagusa mfuko: kukausha soketi ni kazi ya asubuhi moja, wakati gia boksi ya mtumba inaweza kumeza ada ya shule ya mwaka mzima.

Tuanze na utendaji wake. Gia boksi ya oto ya kawaida, kama ile ya gia 4 iliyomo kwenye Toyota IST za kizazi cha kwanza, hubadilisha gia kwa shinikizo la mafuta. Mafuta hayo hupitishwa au kuzuiwa na valvu zinazoendeshwa na solenoidi, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gia boksi, ndiyo inayoamua solenoidi ipi ipate umeme na wakati gani. Ili iamue, inahitaji kujua mambo kadhaa kwa mpigo: mkono wa gia uko wapi, shafti inayopokea nguvu ya injini inazunguka kwa kasi gani, ile inayopeleka nguvu kwenye matairi inazunguka kwa kasi gani, dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, joto likoje. Kila jibu linakuja kwa waya mwembamba, na baadhi ya nyaya hizo hubeba volti 5 tu. Kwenye magari madogo ya Kijapani yanayovuta kwa mbele, gia boksi mara nyingi hukaa upande wa kushoto, chini ya betri na boksi la chujio la hewa, na baadhi ya soketi zake ziko juu yake. Hapo ndipo vumbi na oili hujikusanya, kwa hiyo hapo ndipo bomba huelekezwa kwa muda mrefu zaidi.

Ukinilazimisha nitaje mshukiwa wa kwanza, nitataja swichi ya inhibita. Imefungwa nje ya gia boksi, kwenye shafti inayozungushwa na mkono wa gia. Kazi yake ni kuiambia kontroli boksi kama gari liko P, R, N au D, kuruhusu starta kwenye P na N peke yake, na kuwasha taa za rivasi. Maji yakipenya humo, hasa yenye sabuni, yanaweza kuunganisha sehemu mbili zisizotakiwa kuungana. Kontroli boksi inajikuta kama hakimu mbele ya mashahidi wawili, mmoja akiapa gari liko D na mwingine akiapa liko N. Katika magari yanayofuata OBD-II, mfumo wa gari kujipima na kuandika makosa, kosa hili huandikwa P0705, lakini dereva mwangalifu anaweza kulinusa bila mashine yoyote. Herufi mbili zinawaka pamoja kwenye dashibodi, au haiwaki hata moja. Taa za rivasi zimegoma, au zinawaka gari likiwa D. Starta iko kimya kwenye P, lakini ukisogeza N inajibu. Ikionekana dalili hata moja ya hizo baada ya kuosha, sioni sababu ya mtu yeyote kuanza kumwaga mafuta ya gia boksi.

Baada ya inhibita zinafuata sensa za kasi. Sensa yenyewe kwa kawaida imezibwa vizuri na haiogopi unyevu. Udhaifu uko kwenye pini za soketi yake. P0715 huelekeza kwenye sensa ya upande wa kuingilia, P0720 upande wa kutokea, na P0500 kwenye sensa ya mwendo wa gari, ambayo ikikatika mara nyingi mshale wa spidi huanguka au kurukaruka. Solenoidi zimo ndani ya gia boksi, zimezama kwenye mafuta, ila nyaya zake hutoka nje kupitia soketi moja kubwa, nayo huloa. Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuzipima hapo kwenye soketi bila kufungua sampu: solenoidi za Toyota za aina ya kuwaka na kuzima huonyesha omu 11 hadi 15 zikiwa baridi. Vipimo vikiwa ndani ya kiwango hicho, sehemu ya umeme ya solenoidi ni nzima, na macho yarudi kwenye nyaya.

Sasa kile kishindo kinachowatisha watu. Kontroli boksi ikikosa taarifa inayoeleweka, huingia kwenye hali ya kujihami. Hukata umeme wa solenoidi, na gia boksi hubaki kwenye gia moja iliyopangwa kiwandani; kwenye magari mengi ni ya tatu, na kwenye Mercedes zenye gia boksi ya gia 5 ya 722.6 ni ya pili. Pamoja na hilo, shinikizo la mafuta hupanda hadi mwisho, kwa sababu solenoidi ya shinikizo imetengenezwa hivi: ikikosa umeme, iachie shinikizo lote. Lengo ni klachi zibanwe kwa nguvu zisije zikateleza na kuungua wakati kompyuta haioni kinachoendelea. Kwa hiyo gari linalopiga kishindo na kung'ang'ania gia moja linaweza kuwa linailinda gia boksi yake, na mwenye gari anaona ndiyo inakufa. Mara nyingine ukizima swichi na kuwasha upya hali hiyo huondoka, gari likaenda vizuri kwa dakika chache kabla ya kurudia. Huo ni ushahidi mkubwa wa tatizo la umeme. Klachi iliyoungua haiponi kwa kuzima swichi.

Ziko pia kesi ambazo gia boksi haihusiki kabisa, na kwa maoni yangu ndizo zinazopoteza pesa nyingi za watu. Injini nyingi za siku hizi zina koili juu ya kila plagi, na plagi zimezama ndani ya visima virefu kwenye kichwa cha injini. Maji yakiingia kwenye kisima hayana pa kutokea. Cheche inatafuta njia fupi kupitia maji, silinda moja inakata, na injini ya silinda nne inabaki na tatu. Gari linaanza kumisi. Dereva wa gari la oto hahisi injini. Anahisi mshtuko kila anapokanyaga mafuta, hasa kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa klachi ya konveta inapokuwa imefunga na kuupeleka mtikisiko wote kwenye bodi. Anachosema akifika gereji ni kwamba gia inakata. Fundi anayeamini alichoambiwa anaanzia gia boksi.

Kipimo cha kutenganisha mambo hayo mawili hakina gharama. Weka P, vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta kidogo. Gari likitikisika na kukohoa likiwa limesimama hapo, anza na injini. Fungua koili moja moja, tazama visima, vipulize kwa upepo. Na kama taa ya injini inapepesa, usiendelee kuzunguka mjini ukisema itakauka yenyewe, kwa sababu petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi, na masega ni ghali. Soketi ya throto iliyoloa, sensa ya hewa iliyorushiwa maji kupitia chujio, au mkanda wa alteneta unaoteleza na kushusha chaji huleta malalamiko yaleyale ya gia, kwa njia hiyohiyo.

Watetezi wa kuosha kwa presha wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Gari hupita kwenye mvua za masika, hurushiwa matope, na soketi zake zina mpira wa kuzuia maji. Mbona halifi? Jibu liko kwenye viwango vya kimataifa vya kuzuia maji, IEC 60529, ambavyo wahandisi hutumia kupima vifaa vya umeme. Kifaa chenye alama ya IPX7 kimethibitishwa kukaa ndani ya maji yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. Wengi wakisikia hivyo hudhani hakuna maji yatakayokishinda. Kiwango hichohicho kinasema kufaulu kuzamishwa hakumaanishi kufaulu kurushiwa maji kwa nguvu. Huo ni mtihani mwingine. Mtihani mkali kuliko yote, IPX9, hutumia maji ya nyuzi 80 za Selsiasi kwa shinikizo la bar 80 hadi 100, kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20. Mashine za presha za kuoshea magari huweza kufikia bar 100 na kuzidi, na bomba husogezwa karibu kuliko hapo ili oili iliyoganda itoke. Maji ya mvua hushuka na kutiririka. Maji ya presha husukuma ukingo wa mpira na kupita chini yake, kisha mpira unarudi mahali pake na kuyafungia ndani.

Na hizo ni soketi mpya, za maabara. Zetu ni nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia huzeeka kama mengine. Tanzania huyatoza magari makuukuu kodi zaidi, ila yanaingia. IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na bado ni gari la kila siku Dar es Salaam. Mpira wa soketi uliokaa miaka 20 kando ya injini umekauka na kupoteza unyumbufu. Kava la plastiki la juu lilitolewa na fundi wa kwanza likabaki gerejini; lile la chini lilivunjwa na tuta. Aliyefunga alamu alitoboa nyaya akazizungushia selotepu. Juu ya hayo, wako wanaopulizia dizeli au mafuta ya taa ili kulainisha oili, na wengine hurudia mwishoni ili injini ing'ae. Aina kadhaa za mpira, ikiwemo EPDM, huvimba na kulegea zikikutana na mafuta ya petroli na jamii yake. Sabuni nayo hulainisha maji yakapenya kwenye nyufa ambazo maji matupu yasingeingia. Vitabu vya maelekezo vya Toyota huonya wazi kwamba maji yasirushwe ndani ya sehemu ya injini, na sababu wanayoitaja ni hatari ya vifaa vya umeme kushika moto. Kitabu chenyewe, kwa magari yetu mengi, kimeandikwa Kijapani na kimelala kwenye dashibodi kikiwa na vumbi.

Ukitaka kujua maji yana hatia kiasi gani, fuata saa. Hitilafu inayotokea papo hapo, gari likiwa bado linachuruzika, karibu kila mara ni ya umeme uliolowa, na mara nyingi hupungua jua likipanda. Inayoonekana asubuhi na kupotea mchana, kisha kurudi kesho yake alfajiri, ni unyevu uliofungiwa ndani ya soketi: usiku unatulia kwenye pini, mchana joto la injini linaufukuza. Ya tatu ndiyo ngumu. Gari lilioshwa, likawa zima, na wiki tatu au nne baadaye gia zinaanza visa. Watu hawaunganishi mambo hayo mawili, na hapo maji huponyoka hukumu. Pini ya shaba iliyolowa na kukauka polepole huota kutu ya kijani, upinzani wa umeme unapanda kidogo kidogo, na sensa ya volti 5 haina nguvu ya kuvuka ukuta huo. Zaidi ya hapo, kimiminika kinaweza kusafiri ndani ya waya wenyewe, kati ya shaba na ganda lake. Mercedes za 722.6 zinajulikana kwa hili hata bila kuoshwa: oili huvuja kwenye plagi ya gia boksi na kutambaa ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta yake.

Je, maji huweza kuingia gia boksi kweli? Huweza. Kila gia boksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa imetoka safarini ina nyuzi 80 au 90 na ukaimwagia maji baridi ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta kilichopo nje, na kama tundu limezingirwa na maji, yanavutwa maji. Dipstiki isiyofunga vizuri ni mlango mwingine. Dalili yake haijifichi: mafuta mekundu yanageuka rangi ya waridi yenye ukungu, kama yamechanganywa na maziwa. Hapo simtetei mtu wa bomba. Uso wa klachi za oto ni karatasi maalumu iliyogandishwa kwa gundi juu ya chuma, na maji huivimbisha karatasi na kuilegeza gundi. Gari lisiendeshwe, mafuta yatolewe na kubadilishwa zaidi ya mara moja, mapema, na hata hivyo hakuna mwenye kukupa uhakika. Lakini kabla ya kufunga kesi, fungua rejeta. Magari mengi hupoozea mafuta ya gia boksi ndani ya rejeta, na bomba la humo likitoboka, maji ya rejeta huchanganyika na mafuta na kuleta rangi hiyohiyo. Ukikuta oili kwenye maji ya rejeta, hukumu inahamia huko.

Kuna pia bahati mbaya ambayo kwa kweli si bahati. Injini huoshwa kwa sababu gani? Mara nyingi kwa sababu imechafuka kwa oili, na imechafuka kwa sababu kuna mahali panavuja. Gia boksi iliyokuwa ikipoteza mafuta taratibu kwa miezi ingeanza kuchelewa kushika gia wiki ile au inayofuata, maji yawepo yasiwepo. Wengine huosha kwa ajili ya kuuza. Mnunuzi anaona injini safi, anafurahi, siku mbili baadaye gia zinateleza, na anayelaumiwa ni mwosha magari wakati maji yalifuta tu ushahidi. Ndiyo maana mimi injini inayong'aa kwenye gari la mtumba hunitia wasiwasi kuliko ya vumbi.

Madhara makubwa huanzia gereji. Fundi asiyepima humwaga mafuta kwanza, kwa kuwa ni kazi rahisi kumweleza mteja. Kwenye gari la CVT, oto inayotumia mkanda na puli badala ya gia, hatua hiyo ni ya hatari: Nissan X-Trail ya T31, kwa mfano, hutumia mafuta ya NS-2, na mtu akiweka ATF, mafuta ya oto za kawaida, kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, mkanda wa chuma na puli zake hupoteza msuguano uliokusudiwa na mfumo huo. Gari lililoingia gereji na soketi iliyoloa linatoka na gia boksi inayoelekea kufa kweli. Mwingine anabadilisha gia boksi nzima na kuirudishia kwenye soketi ileile yenye kutu. Tatizo linabaki, na mteja anaambiwa mtumba ule nao ulikuwa mbovu. Mashine ya kupimia nayo ina mipaka. Magari mengi ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hayazungumzi OBD-II kamili, kwa hiyo kidude cha bei nafuu cha Bluetooth huweza kusoma injini kisione gia boksi, na fundi akasema hakuna kosa. Tafuta mwenye mashine inayoelewa gari lako, naye awe fundi umeme.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Namba za makosa ziandikwe kwanza, ndipo waya wa hasi wa betri utolewe. Soketi za inhibita, sensa za kasi na gia boksi zifunguliwe moja moja, zitazamwe pini, zipulizwe kwa upepo wa wastani, zipuliziwe dawa ya kusafishia soketi za umeme, na boneti iachwe wazi juani. Betri iliyopumzika ionyeshe takriban volti 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5. Namba za makosa zilizokwisha kuandikwa zifutwe, ndipo gari lijaribiwe. Anayefuta kabla ya kuandika amechoma faili la kesi. Kwenye magari ya haibridi kama Prius, ambayo betri yake kubwa hubeba volti zaidi ya 200, mtu asiyefunzwa asiguse nyaya za rangi ya machungwa wala kuelekeza bomba kwenye inveta. Gia boksi ya kanyagio la klachi huumia kidogo kuliko ya oto: klachi iliyolowa huteleza kwa muda mfupi, na swichi ya rivasi inaweza kugoma.

Sisemi injini isioshwe. Kuosha ni njia nzuri ya kutafuta mahali panapovuja. Ioshwe ikiwa baridi, kwa brashi, kitambaa na maji ya taratibu, betri, alteneta, koili na soketi za gia boksi zikiwa zimefunikwa kwa nailoni, na bila dizeli. Bomba la presha libaki kwenye matairi na uvungu wa bodi. Na ukiambiwa gia boksi imekufa siku gari lilipotoka kuoshwa, usitoe pesa kabla hujapewa vitu viwili: namba ya kosa iliyoandikwa kwenye karatasi, na tone la mafuta ya gia boksi kwenye kitambaa cheupe ulione kwa macho yako.